Jina la Usiku la Fisi

Kanyenye, Tabora
18 Februari 2024

Mke wangu Najiat,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mwizi wangu Ngollo mpe salamu huko aliko na lori lake, mwambie babu hajasahau nani alimchukulia mke. Kijukuu changu Abasi mbusu shavu moja, la pili nitalibusu mwenyewe nikijaliwa.

Barua yako imefika kwa mwenyewe. Tabora hii mtu akitaka habari za wanyama na usingizi wa watoto analetwa kwangu. Wanakuja walimu, wanakuja wazee wa Cheyo na mikongojo yao. Hata mzungu mmoja mwenye kamera aliulizia Mzee Sabiri fundi viatu, akaletwa mpaka barazani.

Haya, nimesema uongo. Yule mzungu alikuwa anatafuta stesheni, na walimu hawajawahi kuja. Lakini wewe umeniuliza, basi nitajibu kama niliyezoea kuulizwa.

Umesema hiyo kampuni yenu ya vitabu inataka kitabu cha kumsomea mtoto wa miaka miwili mitatu akiwa kitandani. Kiwe na picha, kiwe na vina, na wanyama wake wawe wapole. Umeniandikia na mfano: “Fisi, fisi, kama sisi.” Kama sisi! Sema kama wewe na Ngollo. Halafu nyoka anamwimbia mtoto, na kitabu kinasomwa usiku taa ikikaribia kuzimwa. Najiat, nani kakulea?

Umesahau kwamba huku kwetu, jua likizama, nyoka anaitwa kamba? Ulipokuwa mdogo humu ndani bibi yako akisema “kuna kamba mlangoni,” ulikuwa wa kwanza kupanda kitandani, hukuuliza kamba ya nini. Wale wapagazi wa zamani, waliolala makambini njia nzima ya kwenda Ujiji, hawakumtaja mnyama usiku kwa jina lake la mchana. Walikuwa na jina la usiku. Ukimtaja kwa hilo anapita kama hakusikia. Ukimtaja kwa jina lake hasa, anadhani umemkaribisha.

Sasa wewe unataka watoto wa nchi nzima, saa mbili usiku, waseme kwa pamoja: fisi, fisi! Atakuja. Na akiuliza nani kamwita, watamwonyesha jina lako kwenye jalada.

Simu usinipigie. Sikio la kulia limefunga duka, la kushoto linafungua likijisikia. Andika, mpe kondakta wa basi, mimi nitasoma polepole kwa darasa langu la nne.

Bibi yako hajambo, anakusalimia sana, yuko jikoni. Naishia hapa maana maharage yanaungua.

Mumeo wa kwanza,
Sabiri

*

Tandika, Dar es Salaam
9 Machi 2024

Babu, shikamoo.

Sisi hatujambo, ila tumechoka. Ngollo alirudi, akalala siku nzima, akaondoka tena. Abasi ni mzima wa afya lakini halali. Nikimlaza anainuka, nikimbeba anataka chini, nikimweka chini ananyoosha mikono. Ndiyo kazi yangu hiyo babu, natunga vitabu vya kulaza watoto wa watu na wangu yuko macho ananitazama.

Hayo ya majina ya usiku nimemsomea mhariri wangu, Mama Advera. Aliinuka kwenye kiti. Amesema tuache “kama sisi,” tutengeneze kitabu kizima cha wanyama kwa majina yao ya usiku, ili mzazi amlaze mtoto bila kumwita mtu. Anataka nyoka, simba na fisi. Fisi hasa, kwa sababu kila mtoto anamwogopa.

Nyoka ninaye. Simba na fisi nimesahau. Aliyekuwa anayajua ni bibi, aliyapata kwa mama yake kule Kwihara, wewe ulikuwa unasikiliza tu na kutuchekesha. Kwa hiyo babu nakuomba jambo moja: muulize bibi. Usinitungie. Kaa naye, muulize, uniandikie atakavyosema.

Halafu niambie. Kama bibi yuko jikoni, maharage yaliungulia nani?

Mjukuu wako,
Najiat

*

Kanyenye
24 Machi 2024

Mke wangu,

Marahaba. Ramadhani inakwenda, nafunga, sijambo. Mvua imeshusha ukuta wa choo upande mmoja, sasa naoga huku nikisalimiana na jirani. Shamila, yule muuza vitumbua, ananiletea uji wa kufuturu. Nikimtania anacheka kwelikweli, lakini yeye ni mgeni, hajui mizaha yangu ina umri gani.

Maswali ya maharage ni ya polisi, si ya mke kwa mumewe.

Haya. Bibi yako yupo Chemchem, hapa hapa mjini, kwa dada yake, Bi Kuluthumu. Ameenda tangu mvua za kwanza. Usilie, hatukugombana. Laiti tungegombana, ningejua pa kuanzia. Alifunga kanga zake, akasimama hapo mlangoni, akasema: “Sabiri, sikukasirika. Nimechoka. Tangu unioe nacheka kwa adabu. Naenda kupumzika kucheka.”

Nikamjibu kwa mzaha. Ulikuwa mzaha mzuri, Najiat, mwingine yeyote angeanguka chini. Yeye akatikisa kichwa, akapanda bodaboda.

Sasa unaniambia nikamuulize jina la fisi. Hebu fikiri. Mtu mzima natoka Kanyenye, nafika Chemchem, dada mtu anafungua mlango. “Umefuata nini, shemeji?” “Nimefuata jina la fisi.” Watanicheka hao wawili, tena bila adabu.

Nyumba ni kubwa. Nilikuwa sijui. Naongea peke yangu mambo ya kuchekesha halafu nangoja. Usiku natandika upande wangu tu, kule kwake nimeweka viatu vya wateja.

Ngoja sikukuu ipite, nitaona.

Sabiri

*

Tandika
21 Aprili 2024

Babu, shikamoo.

Sikukuu imepita.

Abasi alivaa kanzu, akaimwagia pilau yote. Mimi jana nimesinzia mezani, nikaamka nimeandika neno “lala” mpaka mwisho wa ukurasa. Mama Advera amesema huo ndio mstari wangu bora mwaka huu.

Mchoraji anangoja fisi. Babu, umekwenda Chemchem? Kama huendi niambie tu, nitarudisha “kama sisi” na maisha yataendelea. Lakini ningependa uende. Nimeandika ningependa, ujue nimelifuta mara kadhaa neno lililokuwa hapo.

Najiat

*

Kanyenye
6 Mei 2024

Mke wangu mwenye haraka,

Marahaba. Nimekwenda.

Nimevaa kanzu ile ya harusi ya mama yako, nimefika Chemchem, nimepokewa vizuri ajabu. Nimeandaliwa chai ya maziwa na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyokauka vizuri. Bi Kuluthumu akasema, “Shemeji umependeza.” Bibi yako tukakaa naye, nikamuuliza, akanieleza moja baada ya jingine bila tabu. Na mizaha nikatoa, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Simba anaitwa Mwenye Pori. Nyoka ni Kamba kama ujuavyo, nimemtungia hivi:

Kamba mrefu kachoka,
leo hataki kutoka.

Na fisi, anaitwa Bi Matuta. Kwa sababu usiku anapita juu ya matuta ya viazi. Ndivyo alivyosema bibi yako, neno kwa neno. Vina vyake hivi hapa, uvitunze:

Bi Matuta anapita,
miguu yasitasita,
hana meno, hana vita,
“Lala, mwanangu,” aita.

Umeona? Hana meno. Mtoto ataogopa nini? Hata mimi nimelala baada ya kuiandika, nimelala hapo hapo kwenye kiti, nimeamka shingo imepinda. Siku hizi nalala popote isipokuwa kitandani.

Bibi anakusalimia. Sasa usiniulize tena habari za Chemchem, nimeshakwenda, yamekwisha.

Sabiri

*

Tandika
28 Juni 2024

Babu yangu, shikamoo.

Kwanza habari njema. Kitabu kimefika mahali pazuri. Nakutumia nakala ya majaribio, kurasa zimebanwa kwa pini, hakijapigwa chapa bado. Mchoraji amesoma vina vyako akampenda fisi wako. Amemtoa meno yote kama ulivyosema. Amemfunga kanga kichwani, akampa jembe begani kwa ajili ya yale matuta. Abasi anamngoja kila usiku. Nikifika kwa Bi Matuta anaweka kidole kwenye ule mdomo usio na meno, anasema “bibi,” na mara nyingine, si kila siku, analala. Nami nalala. Babu, hujui nimelilia usingizi kiasi gani.

Sasa habari nyingine, na usirushe barua kabla hujamaliza.

Nilijua kwamba bibi yuko Chemchem. Nilijua tangu wiki aliyohama. Ananipigia kila Ijumaa. Na majina nilimwomba yeye kwanza, kabla yako. Akakataa, akasema: “Majina ya usiku hayapitishwi kwenye simu, yataita wanyama wa mnara mzima. Babu yako anajua nilipo. Aje ayaulize.” Ndiyo maana nilikutuma. Nilitaka uwe na sababu ya kubisha hodi pale bila kuona haya.

Ijumaa ile baada ya barua yako ya Mei nilimuuliza kama umefika. Akanirudishia swali, Abasi ameota meno mangapi. Nikaelewa hukufika.

Sikumwambia kitu. Ila nakala ya pili ya kitabu nimemtumia yeye Chemchem, kwa basi hilo hilo. Nimeandika ukurasa wa kwanza: “Kwa bibi Tunu, asante kwa majina uliyompa babu.”

Nisamehe babu. Ujanja huu nimeurithi, na wewe unajua kwa nani.

Najiat

*

Kanyenye
15 Julai 2024

Najiat,

Marahaba, ingawa hustahili.

Bahasha yangu ilikaa ofisi ya basi mpaka vumbi likaijua, walidhani ni ya Sabiri yule wa mashine ya kukoboa. Ya bibi yako haikukaa. Kwa hiyo barua yako ya kunitahadharisha imenifikia baada ya bibi yako mwenyewe kunifikia.

Nilikuwa barazani baada ya alasiri nashona soli. Bodaboda ikasimama. Akashuka na kitabu mkononi. Hakutoa salamu. Alinisogelea upande wa sikio zima, anajua ni lipi, akakifungua kitabu, akaweka kidole juu ya fisi.

“Sabiri. Huyu nani?”

“Karibu, Tunu. Huyo ni fisi.”

“Nakuuliza tena. Huyu nani?”

Nikatazama. Wallahi, Najiat, ndiyo mara ya kwanza nakiona hicho kitabu. Mdomo hauna jino hata moja. Kanga kichwani, imefungwa upande. Jembe begani. Anatembea juu ya matuta ya viazi na mwezi nyuma yake. Sindano nikaichomeka kwenye soli.

“Mama yangu alikukosea nini?” akasema.

Ngoja nikueleze, maana wewe hukumkuta. Nilipopeleka posa Kwihara, mama yake alisema kwanza nimwonyeshe kama nina mikono. Akanilimisha matuta ya viazi msimu mzima, yeye amekaa pembeni na kanga yake kichwani, meno yamekwisha, ananihesabia. Nikawa nikirudi mjini nawaambia wenzangu, leo Bi Matuta kaniua. Hilo jina sikulitaja mbele ya bibi yako hata siku moja. Jina la mkwe halitajwi hata mchana, sembuse kumbandika la kejeli. Nilidhani hajui. Anajua. Amejua siku zote, na siku zote amenyamaza.

Na mimi sikukusudia. Mwezi wa tano nilikaa hapa natafuta jina la fisi, nikakosa, hili likaja lenyewe kama mtu wa nyumbani. Nikaona linaleta vina. Nikaliandika, nikafurahi.

Basi nikatafuta mzaha. Nikapekua kila mahali, sikupata. Nikamwambia, “Nilikuwa siyajui hayo majina. Na nilishindwa kuja kuuliza.”

Akasema, “Chemchem si Ujiji.”

Nikaweka soli chini.

Akasema hawezi kuacha watoto wa watu walale wakimwona mama yake kama fisi. Atanipa jina lenyewe niliandike, wewe ulirekebishe kabla hawajapiga chapa. Nikachukua kalamu. Akaninyima. “Jua hilo hapo. Mchana hayasemwi.”

Kwa hiyo ikabidi angoje. Nikamwekea kiti, hakukaa. Akachukua ufagio, akafagia ua ambao nilikuwa nimeufagia. Akaingia jikoni, nikasikia mfuniko.

“Huu ugali wa lini?”

“Una historia yake,” nikasema.

Akatoka akanitazama, hakucheka. Najiat, sijui nikwambieje. Nilimwangalia asivyocheka, nikaona uso ambao sikuuona muda mrefu, umechoka na mzuri, na si kwa ajili yangu. Kumbe kila nilipomtazama nilikuwa natazama kama mzaha umeingia.

Mwisho akakaa. Si kwenye kiti nilichomwekea, kwenye kile kingine. Kunguru wakaenda kulala. Shamila akapita na ndoo, akaona, akarudi alikotoka bila kusema, na hilo kwa Shamila ni kubwa. Nilikuwa na maneno mawili matatu ya kuchekesha kuhusu wale kunguru. Niliyameza, yalikuwa na miiba.

Adhana ya magharibi ikatoka. Tukaswali, yeye ndani, mimi barazani. Aliporudi akasema, “Andika.” Fisi usiku anaitwa Mgeni. Mama yake alikuwa akiwaimbia hivi, na mama yake aliimbiwa na babu yake aliyebeba pembe za ndovu za watu mpaka miguu ikaisha:

Mgeni yuko uani,
haingii humu ndani,
mwache apite njiani,
naye arudi nyumbani.

Nikamwambia sijasikia mstari wa mwisho. Akaurudia. Nikamwambia sikio linasumbua. Akaurudia tena, polepole, karibu na sikio. Nilikuwa nimeusikia mara ya kwanza.

Bodaboda ikaja kumchukua. Nikamuuliza kama atarudi. Akasema, “Umeandika vizuri? Nisije nikaona mama yangu tena humo.” Nikasema nimeandika vizuri. Akaondoka. Hakusema anarudi, hakusema harudi. Viatu vya wateja nimeviondoa upande wake, lakini usimwambie, atasema ninajipendekeza.

Kwa hiyo rekebisheni. Mwenye Pori mwacheni, huyo hakumkataa. Mtoeni jembe, mtoeni kanga, mrudishieni na meno, maana huyo Mgeni hakusemwa kama hana. Abasi atalia usiku wa kwanza kwa kumkosa Bi Matuta wake. Mwimbie hiyo mpya. Nimejaribu mwenyewe, nililala kitandani.

Sasa tuje kwenye deni. Umenizunguka, umemtumia mke wangu kitabu nyuma ya mgongo wangu, umeniletea mama mkwe akiwa na manyoya. Mtu akimfanyia babu yake hivyo ana la kulipa. Sitaki kitu cha kununua. Nataka umpigie bibi yako Ijumaa hii, umwambie Mama Advera amependa sana na anataka wanyama wengine kwa kitabu cha pili. Usimtajie wote pamoja. Mtajie mmoja, umngoje amalize, kisha mwingine. Umkumbushe kwamba kwenye simu hayasemwi, na mchana hayasemwi, na kwamba mwandishi wako hapa Tabora ni mmoja tu, tena mkono wake mzito. Usimwambie kwamba nimekuomba.

Anza na nungunungu. Ana miiba mingi, hawezi kuisha jioni moja.

Babu yako,
Sabiri